Mtandamboo wa Bi Mashavu

Risper alikuwa katika mwaka wake wa nne Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, nyumbani kwa Safa, habari zilipokuja kwamba mama yake Safa ameanguka bafuni huko Jeddah na kuvunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji, mfupa ukaungwa kwa chuma, na daktari akasema hakuna kinachomzuia kutembea. Aliyezuia ni mama mwenyewe. Wasaidizi watatu waliletwa mmoja baada ya mwingine, na wote watatu waliondoka wakilia. Wa mwisho alikuwa Mfilipino, mpole kama maji ya mtungini, naye hakumaliza hata wiki mbili.

"Risper," Safa alimwambia jikoni, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya alichokirithi kwa mama huyohuyo, "mama yangu mtu mzuri. Lakini ana ulimi. Wewe unajua Kiswahili, labda mtasikilizana. Miezi miwili tu, halafu halas, unarudi."

Kafili, mwajiri anayeshika karatasi zako, akisema utakwenda, unafunga begi. Risper akafunga lake. Kesho yake jioni alikuwa Jeddah, mtaa wa Nuzha, kwenye nyumba ya ghorofa mbili yenye rangi iliyobambuka. Joto la pale halikuwa kama la Riyadh. La Riyadh lilikuwa kavu, linakukausha midomo ukabaki mtu. La Jeddah lilikuvaa kama shuka lililoloa.

Bi Mashavu alikuwa kitandani, kanga begani, tasbihi mkononi. Alimtazama mgeni kuanzia utosini hadi kwenye ndara.

"Wewe ndo Mkenya?"

"Ndiyo, madam."

"Madamu yuko Riyadh. Mie n'ite Bibi. Haya, umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuangalia, Bibi."

"Kuniangalia? Kwani mie sinema? Sema umekuja kunitunza. Mnakipasua Kiswahili nyie kama kuni."

Risper aliinamisha uso ili asicheke. Alikuwa na mama wa namna hiyo kwao Karachuonyo, mjane mwenye maneno makali na mkono wa kutoa, na alijua kuwa watu kama hao hawaogopwi bali huvumiliwa mpaka wachoke wenyewe.

Lakini Bi Mashavu hakuwa na dalili ya kuchoka. Chapati zilikuwa nene. Chai ilikuwa haina iliki ya kutosha. Udi uliwekwa makaa mengi ukaungua badala ya kufuka. Na kila asubuhi Risper alipomsogezea mkongojo wa miguu minne uliotoka hospitali, bibi aliuangalia kama anavyoangaliwa mgeni asiyealikwa.

"Niende wapi? Nyumba hii naijua yote."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua mdogo wa saruji, wenye kamba za kuanikia nguo na geti la chuma la kutokea kichochoroni. Siku ya tano au ya sita Risper alitoka na beseni la mashuka, na upepo ulipoinua shuka la kwanza aliona kitu kilichomfanya aache kibanio mdomoni.

Pembeni mwa geti, kwenye kivuli cha ukuta, palikuwa na kichaka kilichomzidi yeye kimo. Majani madogo magumu, kijani cha kung'aa, yenye ncha ya kuchoma. Miiba mirefu miwili miwili. Vijiua vyeupe vyenye harufu kama ya asumini, na katikati ya miiba, matunda: mengine mekundu kama shanga, mengine yameshaiva yakawa meusi. Risper alivunja jani moja. Utomvu mweupe ukatoka.

"Ochuoga," alisema peke yake, kwa sauti.

Hakuwa amelitamka neno hilo la Kijaluo tangu aondoke kwao. Akachuma tunda jeusi, akalitia mdomoni, na pale pale, katikati ya mashuka ya watu, alikuwa tena mlimani na dada yake Beldina, mbuzi wametawanyika huko chini, mikono imechanika, vinywa vya zambarau. Mama yao hakuwa na haja ya kuuliza kama walichunga au walicheza. Alikuwa akisimama mlangoni na kusema, "Toeni ulimi." Ulimi ukishatoka, kesi imekwisha. Na mwaka ule Beldina alipougua kifua, mama huyohuyo alikwenda na jembe mlimani, akarudi na mizizi ya mti huo, akaichemsha ndani ya supu ya mbuzi mpaka nyumba nzima ikanuka udongo na nyama. Beldina alipona. Risper, aliyekuwa mzima, alilia mpaka naye akapewa bakuli.

"Nani kakwambia ule matunda yangu?"

Sauti ilitoka dirishani. Bi Mashavu alikuwa amejivuta hadi ukingo wa kitanda na kufungua pazia.

"Pole, Bibi. Ni vile nimeona mti wa kwetu."

"Wa kwenu?" Bibi alikunja uso. "Huo wa kwetu. Njoo hapa."

Risper aliingia na mkono uliojaa. Akaambiwa aketi. Ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa aketi katika chumba kile.

Kisha Bi Mashavu akaeleza. Alipokuwa mtoto Unguja, upande wa kusini kwenye ardhi ya mawe, mti huo ulikuwa umejiotea maporini, na yeye na wenzake walikuwa wakichuma matunda wakitoka chuo cha Kurani. Mwaka wa sitini na nne shangazi yake akamshika mkono wakaondoka, yeye ana umri wa miaka kumi. Alikulia Jeddah, akaolewa Jeddah na kijana aliyekuja vilevile kama yeye. Mume huyo alikuwa dereva wa lori, akipeleka saruji milimani upande wa Baha. Siku moja alisimama kwenye kona kusubiri injini ipoe, akashuka, akaona mti ule ule umejishikiza kwenye majabali, wenyeji hata hawaujali.

"Alikuja nao kwenye gunia lililoloweshwa. Ukafa. Akaleta wa pili, ukafa. Nikamwambia, babake Ghalib, mti wa baridi ya mlimani utaishi vipi kwenye tanuri hii? Hakunisikia. Wa tatu akaupanda pale penye kivuli, akauelekezea bomba la maji ya kiyoyozi. Tone, tone, mchana na usiku. Ukashika." Bibi alisogeza punje ya tasbihi. "Yeye kaondoka. Kiyoyozi hakijaacha kumwagilia."

"Na kwenu mnauitaje, Bibi?"

Bi Mashavu alitazama mlangoni, akatazama dirishani, akashusha sauti. "Mtandamboo."

Risper alilisikia neno lililojificha mwishoni mwa jina hilo, akajaribu kuubana mdomo, ukakataa. Alicheka mpaka akashika mbavu. Bibi naye alimtazama kwa ukali wa muda mfupi tu, kisha mabega yakaanza kumtikisika chini ya kanga.

"Cheka, cheka! Siku wakwe zangu walipokuja wakauliza mti gani huu, babake Ghalib aliwaambia hauna jina."

Tangu siku hiyo mambo yalilegea. Hayakuwa mepesi, ila yalilegea. Ubishi uliobaki ulikuwa mmoja: Risper alikula meusi, kama walivyokula kwao, kwa sababu ndiyo matamu. Bi Mashavu alitaka mekundu, machachu, yenye chumvi na pilipili ya unga.

"Mekundu ni ya mbuzi, Bibi."

"Meusi yashaoza. Niletee mekundu."

Risper akamletea meusi. Siku ya pili akamletea meusi. Siku ya tatu bibi akaipiga meza kwa kiganja.

"Wanifanyia kusudi?"

"Mekundu yako pale pale, Bibi. Hayajaenda popote." Akausogeza mkongojo kando ya kitanda, akarudi jikoni kama mtu asiyejua alichofanya.

Kutoka jikoni alisikia mlio wa miguu ya mpira kwenye sakafu. Hakugeuka. Siku hiyo Bi Mashavu alifika mlangoni mwa chumba chake tu, akatukana, akarudi. Wiki iliyofuata alifika katikati ya ukumbi, Risper akimfuata nyuma na kiti. Hapo akaketi akihema, akasema kwamba Wakenya ni watu wenye hila.

Basi Ghalib ndiye aliyekuja na jambo lake. Alikuwa mwana wa kwanza wa Bi Mashavu, mwenye kukaa ghorofa ya juu na mkewe, mtu wa haraka lakini mwenye kumpenda mama yake. Alikuja na fundi, wakapima ua wa nyuma kwa utepe.

"Mama, mbele kuna ngazi, kiti cha magurudumu hakipiti. Tutafanya mteremko wa saruji hapa nyuma, gari lije getini, uende hospitali na msikitini kama watu. Lakini huu mti uko njiani. Baada ya Idi tunaukata."

"Kata mguu wangu kwanza," Bi Mashavu alisema.

"Mama, ni miiba tu! Mwanangu ilimchoma jicho lilikuwa litoke."

"Miiba haimfuati mtu. Mtu ndiye huifuata."

Ghalib alimtazama Risper kama anayeomba msaada. Risper alitazama chini. Haikuwa ugomvi wake, na kwa kweli alimwona Ghalib ana haki. Mama wa mtu hawezi kufungiwa ndani kwa ajili ya kichaka. Lakini tangu siku hiyo Bi Mashavu hakusubiri tena kuchokozwa. Alfajiri baada ya kuswali alikuwa akiuomba mwenyewe ule mkongojo, na alihesabu ushindi wake kwa vigae: leo nimefika kile chenye ufa, kesho nitafika kile chenye doa.

Alikuwa ameshafika mlango wa jikoni siku Beldina alipopiga simu.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Risper alikuwa anakaanga vitunguu. Dada yake aliongea Kijaluo, taratibu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mama aliamka vizuri. Mama alikunywa uji. Mama akasema anajilaza kidogo.

Risper aliweka simu juu ya friji. Akaendelea kukoroga vitunguu. Alikoroga mpaka vikawa vyeusi na moshi ukafika chumbani.

"Wewe Rispa! Unatuchoma?"

Bibi akaita tena, kisha akaja. Alikuja mwenyewe kwa mkongojo wake, akasimama mlangoni mwa jikoni, akamwona msichana wake, mwanamke wa miaka arobaini na moja, ameketi sakafuni na mwiko mkononi. Bi Mashavu alizima jiko. Hakuweza kuinama, basi akamwekea mkono kichwani.

"Nani?"

"Mama."

"Innalillahi." Mkono ukabaki pale pale. Kisha akauliza, "Wamezika?"

"Bado. Wiki ijayo, Jumamosi. Kwetu huwa wanangoja watu wafike."

"Wanangoja?" Kwa Bi Mashavu, ambaye kwao maiti ya asubuhi haifiki machweo juu ya ardhi, hilo lilikuwa jambo geni. Alilifikiria. "Basi wanakungoja wewe. Nyanyuka, mwanangu. Mpigie Safa."

Safa alilia kwenye simu, na machozi yake hayakuwa ya uongo. Lakini ruhusa ya kutoka na kurudi hutolewa na kafili, na kafili alikuwa yeye, na yeye aliogopa. "Risper, na mama je? Nani atamshika? Wasichana wakienda hawarudi, wewe unajua. Ningoje shule zifungwe, nije mwenyewe Jeddah, halafu uende. Wallahi nitakupeleka."

Shule zilikuwa zifungwe baada ya miezi miwili. Risper alisema, "Sawa, madam." Akaenda kuosha sufuria iliyoungua. Aliisugua hadi vidole vikamuuma, na haikutakata.

Bi Mashavu alikuwa amesikia yote. Sahani ya mchana aliisukuma kando bila kuionja.

"Mie mama yangu nilimwacha Unguja," alisema. "Alibaki kumuuguza bibi yangu. Alisema atakuja nyuma. Hakuja. Mambo ya wakati ule, mara hakuna njia, mara hakuna ruhusa. Nikaolewa, nikamzaa Ghalib, namtumia salamu kwa kila anayekwenda. Siku moja akaja mtu kutoka hija, mtu wa kijijini kwetu. Tunakunywa kahawa, tunacheka, ananiambia, 'Marehemu mama yako alikuwa akikutaja sana.' Marehemu! Alikuwa ameshakufa tangu mwaka uliopita, na mie nilikuwa nikimtumia vitenge." Aliivuta kanga. "Mpaka leo sijui nani aliingia kaburini kumpokea. Sijui mvua ilinyesha au jua. Nikimuota namuota yu hai, kwa sababu sikumwona akifa. Mwambie Ghalib ashuke baada ya Alasiri. Aje na simu yake, ile yenye picha."

Ghalib alishuka. Safa alipigiwa, uso wake ukajaa kioo cha simu.

"Safa, unaniona?"

"Nakuona, mama."

"Nitizame vizuri, usije ukasema umedanganywa."

Akasimama. Alitoka chumbani, akashika ukumbi, mkongojo ukitangulia, mguu mbaya ukifuata, mguu mzuri ukimalizia. Ghalib alirudi kinyumenyume mbele yake, simu juu, mkono mwingine umenyooshwa tayari kumdaka. "Usiniguse," bibi alimwambia. Kigae chenye ufa kikapita. Mlango wa jikoni ukapita. Alipofika kizingiti cha kutokea uani alisimama, kwa sababu hapo palikuwa na kidato kimoja cha kushuka, na hicho hakuwahi kukijaribu. Jasho lilikuwa linamchuruzika chini ya mtandio. Risper, aliyekuwa nyuma yake, alijifunga mikono kifuani ili isimtangulie.

Bi Mashavu alisoma kitu kwa midomo, akashusha mkongojo, akashusha mguu. Chuma kiliyumba. Ghalib akasema, "Ya Rabbi!" Kisha bibi alikuwa chini, wima, kwenye saruji ya ua wake, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu aanguke.

Alikwenda hadi kwenye mti. Aliingiza mkono katikati ya miiba bila haraka, ukachanika kidogo juu ya kiganja, ukatoka na tunda jekundu. Akalitafuna bila chumvi wala pilipili, uso umejikunja kwa uchachu.

"Safa," alisema akiwa amegeukia simu, "mtu anayeweza kujichumia anaweza kujipeleka bafuni. Mke wa Ghalib atanipikia, na usiku mjukuu atalala na mie. Huyu mama yake bado yuko juu ya ardhi. Mpe karatasi yake."

Ghalib alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa kanzu, akijifanya ni joto.

"Yumma," Safa alisema mwishoni, "umeniweza."

Kabla ya adhana ya Magharibi, ujumbe wa ruhusa uliingia kwenye simu ya Risper, naye akampa Safa neno lake kwamba atarudi. Ghalib alimnunulia tiketi na kumpeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Walipokaribia aliuliza, "Hivi kwenu pia mnaula ule mti?"

"Tunaula, bosi. Watoto hasa."

"Mimi sijawahi kuuonja," Ghalib alisema. "Umri wangu wote umenichoma tu."

Watu wa Riyadh waliapa kuwa Risper hatarudi, na hata Beldina, baada ya mazishi, alimsihi abaki. Lakini mwanawe Ian bado alikuwa shuleni, anahitaji karo, na neno alilompa Safa lilikuwa neno. Baada ya mwezi mmoja alishuka tena Jeddah. Shuka lile lililoloa likamvaa mlangoni mwa uwanja.

Nyumbani alikuta ngazi za mbele zimevunjwa upande mmoja na mteremko wa saruji umepita pale Ghalib alipokuwa akiegesha gari lake. Gari sasa lililala nje, kwenye jua. Kichaka cha nyuma kilikuwa kimepunguzwa upande wa geti, kwa ruhusa, na Bi Mashavu alisema waliokipunguza walikikata kama wanyoaji walevi. Ila alikuwa amekonda. Mke wa Ghalib alimnong'oneza Risper kuwa kuna siku mbili bibi hakutoka kitandani kabisa, na kwamba kidato cha uani hakukirudia tena.

Chai ilipokuwa tayari, na iliki ya kutosha, Bi Mashavu alimwambia Risper aufunge mlango, akae.

"Haya. Nambie maziko ya mama yako. Tangu ulipofika. Usiache kitu."

"Ni marefu, Bibi."

"Mie nina pa kwenda?"

Risper akaanza. Alieleza jinsi alivyofika kwao barabara imekatika kwa mvua, Beldina amemngoja kwenye lami na mabuti ya kuazima. Alieleza turubai lililovuja, na wanawake wa kanisani waliokesha wakiimba. Alieleza mama alivyokuwa amevalishwa gauni la bluu alilolinunua kwa ajili ya harusi ya mtu, na kwamba uso wake ulikuwa kama wa mtu anayetaka kusema kitu kikali. Bi Mashavu, ambaye hakuwahi kumwacha mtu amalize sentensi, hakumkatiza. Aliuliza tu pale Risper aliporuka kitu. Nani alilichimba kaburi? Udongo ulikuwa wa rangi gani? Nani aliingia kwanza kumpokea?

"Kaka yetu Laban," Risper alisema. "Alivua viatu, akaingia. Halafu udongo ukaanza, na kila mtu akatupa wake. Mimi nilitupa mara mbili. Ya pili nilisema ni ya mtu wa Unguja. Sikujua jina lake, Bibi, kwa hivyo nilisema tu mama yake Bi Mashavu."

Bi Mashavu aliweka kikombe chini.

"Mwanakheri," alisema. "Akiitwa Mwanakheri."